Kizazi kwa Kidole Kimoja

Mfumo mpya ulikuja na kijana wa mjini,
manukato yake yakafika mezani kabla ya salamu.
Akauweka, akawaonesha wenzangu pa kubofya:
hapa, halafu hapa, halafu hapa,
na kila hapa yake ilikuwa kidole juu ya kioo.
Mie nikamuuliza, hapa wapi?
Akacheka kwa adabu, akaiwahi boti.

Tangu siku ile, ofisi ya vizazi na vifo, Wete,
masikioni mwangu ni hivi:
kitufe. kitufe. kitufe. kitufe.
Simlaumu msomaji wa skrini,
anasoma alichopewa, na majina hakupewa.
Ni nyumba ya milango kumi na minne,
kila ukigonga ukauliza nani,
unajibiwa: mimi.

Kuna kitufe chaitwa Tab.
Sie wa kwetu twakiita Tabu.
Tabu kumi na nne mpaka jina la mama,
ya kumi na tano ni kizazi,
ya kumi na sita ni kifo.

Jumatano moja honda ikapiga honi dirishani,
hesabu ikanitoka.
Mtoto wa Mtambwe, wa kike, kilo tatu na robo,
hajatimiza saa sita duniani,
nikamwandika marehemu.

Bi Tumu alikuja na karatasi, hakupiga kelele.
Alinishika mkono, akaniwekea kiganjani
mguu wa mwanawe,
wa moto kama mkate wa mofa.
"Mguse," akasema. "Kisha kaiambie hiyo mashine yako."

Kumfufua kulitaka barua tatu
na muhuri kutoka Unguja.

Usiku nikampigia Shaame wa Chake,
fundi redio, naye haoni kama mie.
"Mashine ni mgeni," akanambia,
"usipomwonesha choo kilipo
atakuzungukia nyumba nzima."
Akanifundisha kuandika maagizo,
herufi kwa herufi, simu begani:
mabano. nukta. mstari wa chini.
Usiku wa pili nilifungua mabano, nikasahau kuyafunga,
mashine ikanuna mpaka adhana ya alfajiri.
Usiku wa tatu ikaitika.

Sasa Alt na M ni jina la mama.
Alt na B ni la baba,
na pakiwa patupu, pita kimya, usiulize.
Alt na S ni shehia, na hapo nikaongeza kamusi,
maana Mtambwe ilikuwa ikiita em-tambwe,
Mchangamdogo ikiukatakata kama muhogo.

Kizazi nimekipa F mbili.
Kidole kimoja tu,
hata mkono wa pili ukiwa umeshika kikombe.

Kifo nimekiweka mbali.
Kontroli na Shifti kwa mkono wa kushoto,
na wa kulia uende mpaka pembeni kabisa,
kitufe cha mwisho, kile kigumu,
ambacho hakuna honi itakayokibonyeza.
Na hata hapo hakiandiki.
Kwanza sauti inasema maneno niliyoyaandika mwenyewe:
Mize, pumua.
Kisha inalisoma jina lote,
lake, la babake, la babu yake,
taratibu, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili.
Ndipo inanisubiri.

Wiki iliyopita panya wa kompyuta ya Hidaya alikufa,
akaja na kiti chake akakaa ubavuni mwangu.
"Na sie wenye macho," akanong'ona, "hebu tugaie."
Nikamgaia. Nikamwambia afumbe macho kwanza.
Alikataa. Basi, kila mtu na njia yake.

Jana mikono yote miwili ilifanya kazi:
mzee wa Gando, usingizini.
Sauti ikaniambia pumua, nikapumua.
Leo wodi imejaa tangu alfajiri,
mvua inapiga bati, simsikii hata Hidaya,
F mbili, F mbili, pacha wa Kojani, F mbili,
na chai yangu bado ya moto.